Smuthi ya protini yenye ladha ya ndizi mbivu za nazi

Smuthi nyingi zinazoitwa za protini ni barafu iliyosagwa na harufu ya vanila. Ladha ya ndizi mbivu za nazi, zile za futari, inataka iliki, tui zito, chembe ya chumvi na uzito unaokaa ulimini. Sukari iache koponi.

Mzuzu, unaopikwa na nazi, haufai hapa. Bila moto wanga wake huacha ungaunga mdomoni. Chukua kisukari, pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo jijini Dar es Salaam, au kwa muuza genge wako. Subiri ganda lipate madoa meusi, menya, kata vipande vya unene wa kidole, vitandaze kwenye sahani visishikane, kisha gandisha kwa muda wa saa 6. Ndizi hizi ndizo barafu yako. Umeme ukikatika zikayeyuka, zitumie siku hiyohiyo.

Protini kubwa inatoka kwenye mtindi uliochujwa. Mimina nusu lita ya mtindi usio na sukari kwenye kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, uache ndani ya friji saa 4 au zaidi. Ukiuacha mezani kwa joto la Dar, utachacha kupita kiasi kabla haujakauka. Soma pakiti pia: mtindi ulioongezwa wanga au jelatini hauachii maji.

Kwa glasi kubwa moja: mtindi huo gramu 200, ndizi 3 ndogo, maziwa baridi robo kikombe, maziwa ya unga vijiko vikubwa 3, tui zito vijiko vikubwa 3, siagi ya karanga kijiko kikubwa 1, mbegu za ndani ya iliki 2, zilizotwangwa, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Utapata protini takriban gramu 25. Tui lisikudanganye, lina mafuta mengi na protini kiduchu. Ukisaga karanga mwenyewe, tupa zilizosinyaa au zenye ukungu. Kukaanga hakumalizi sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu.

Koroga maziwa ya unga na yale ya maji kwanza, la sivyo yataganda mabonge chini ya visu. Mimina blenda, ongeza tui, mtindi, karanga na viungo, ndizi ziwe za mwisho juu. Saga kwa kuwasha na kuzima, jumla kama sekunde 40. Visu vikizunguka bure, zima, sukuma ndizi chini kwa kijiko, usikimbilie maji. Ukisaga sana injini inapasha moto na uzito wote unapotea.

Wengi huharibu wakibadili tunda. Embe halina shida, ila lenye nyuzi lichuje. Nanasi na papai ndiyo mitego: vimeng'enya vyake, bromelaini na papaini, hukatakata protini ya maziwa, na baada ya muda mfupi smuthi inakuwa chungu. Ni kazi ileile papai bichi inayofanya kwenye nyama ya mishkaki. Kugandisha hakuvimalizi, moto ndio unaoviua. Kwa hiyo chemsha vipande vya nanasi dakika 5, vipoe kabisa, ndipo uvigandishe. Papai likichemshwa linapoteza harufu, kwa hiyo mimi naliacha liliwe kwa ndimu.