Wakomunisti na ukoloni: hawakuwa na kauli moja

Wengi huamini kwamba wafuasi wa Marx walipinga ukoloni kwa sauti moja tangu mwanzo. Si kweli, walivutana vikali.

Agosti 1907, vyama vya kisoshalisti vya dunia vilikutana Stuttgart, Ujerumani. Kamati yao, ikiongozwa na hoja za Mholanzi Henri van Kol, ilileta azimio lisilolaani ukoloni moja kwa moja: eti chini ya ujamaa ungeweza kustaarabisha watu. Karl Kautsky, mwananadharia wa kisoshalisti wa Ujerumani, alipinga. Azimio likaangushwa kwa kura 127 dhidi ya 108, wajumbe 10 wakijizuia. Tofauti ya kura 19 tu! Na wengi wa waliounga mkono walitoka nchi zenye makoloni.

Mwaka 1920, kwenye mkutano wa Komintern, umoja wa vyama vya kikomunisti vya dunia, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, Lenin, alitaka wakomunisti washirikiane na harakati za kitaifa katika makoloni. M. N. Roy wa India alitilia shaka: mabepari wazalendo wataaminika vipi? Lenin alirekebisha maneno yake, na hoja za wote wawili zikapitishwa.

Hata hivyo, Machi 1956 wabunge wa chama cha kikomunisti cha Ufaransa walipiga kura kuipa serikali mamlaka maalumu nchini Algeria, koloni la Ufaransa lililokuwa likipigania uhuru. Oktoba mwaka huo Aimé Césaire, mshairi na mbunge wa Martinique, kisiwa cha Ufaransa katika Karibi, akajitoa chamani kwa barua ya wazi, akitaka Ukomunisti uwatumikie watu weusi, si wao kuutumikia. Swali lake bado linaulizwa leo kila chama cha nchi kubwa kinapojitangaza kupinga ubeberu: nani anaamua, na kwa niaba ya nani?