Kutisha na kutishia: irabu moja, maana mbili

Mtu akifika kituo cha polisi akasema, "Jirani yangu amenitisha," askari hajajua bado cha kuandika. Huenda jirani alichomoza gizani bila kupiga hodi. Huenda pia alisimama mlangoni na panga mkononi. Lakini akisema, "Amenitishia," inaeleweka kuwa kuna jambo lilisemwa au lilioneshwa kwa makusudi, na swali linalofuata huja lenyewe: amekutishia nini?

Tofauti hiyo yote imebebwa na irabu moja. *Tishia* ni kauli ya kutendea ya *tisha*, na kauli hiyo hukiongezea kitenzi nafasi. Ndiyo maana twasema *alimtishia bastola*, *alimtishia kumfukuza kazi*, *alimtishia maisha*: yupo anayetishiwa, na kipo anachotishiwa. *Tisha* haina nafasi ya pili. Hakuna asemaye *alimtisha bastola*.

Radi hutisha. Giza hutisha, ajali hutisha, na hata ukimya wa wodi usiku wa manane hutisha. Hakuna nia yoyote hapo. Anayetishia ana nia, naye anataka mwenzake afanye jambo au aache kulifanya. Ni kweli waandishi wa habari husema *ukame unatishia mifugo*, na si kosa. Hapo lugha imeuvisha ukame nia kama ya binadamu.

Tena, kutisha hukamilika moyoni mwa aliyetishwa, ilhali kutishia hukamilika pale tu anayetishia anapofunga kinywa chake. *Alinitishia lakini sikutishika* ni sentensi timamu kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu limegusa maisha ya watu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na shtaka linalosomwa ni la *kutishia kuua*, si la *kutisha*. Mama anayeambiwa na mumewe kila jioni kwamba atachomwa moto, kisha maelezo yake yakaandikwa "mume wangu ananitisha", amepunjwa. Aandikiwe *ananitishia*, na maneno aliyoambiwa yafuate kama yalivyotamkwa.

Kwenye nomino mambo ni mepesi kidogo. *Tishio* ni hatari iliyopo au inayokuja: tishio la njaa, tishio la mafuriko. Mshambuliaji hodari naye huitwa tishio kwa mabeki. *Vitisho* aghalabu ni maneno na vitendo vya mtu: alipokea vitisho kwa simu, aliondoka kijijini kwa sababu ya vitisho.

*Ogofya* limetokana na *ogopa*, na hukaa vizuri zaidi kwenye maandishi kuliko barazani. *Kamia* ni neno la zamani ambalo wengi wetu tunalijua kwa methali, *mkamia maji hayanywi*, nalo hubeba kutishia na kupania kwa pamoja. Mimi ningependa lizidi kusikika midomoni mwa watu, maana hakuna jingine linalozichanganya hasira na pupa namna ile.

Mitaani hatujakosa maneno. Anayetishia jambo asiloliweza *anachimba mkwara*, na anayedhani amekutana na mtoto mdogo huambiwa, *usinitishie nyau*. Nyau ni mlio wa paka, na ni watoto wachanga wanaoshtuliwa nao. Yote mawili yanathibitisha nilichosema juu: mkwara huchimbwa hata kama hakuna anayeogopa.

Limebaki moja, ambalo wazee huniuliza kwa masikitiko. Kijana amemaliza kuimba, wenzake wanapiga kelele, "Umetisha!" Wanamsifu. Wanamaanisha amefanya jambo kubwa kuliko walivyotarajia, hadi likawashtua. Angalia walichochagua: *umetisha*, bila ile irabu. Hakuna kijana hata mmoja anayemsifu mwimbaji kwa kumwambia *umetishia*.