Ukija fildi kiwanda cha makonyo, fuata mvuke

Wanafunzi wa uhandisi wanaovuka kutoka Unguja kuja Pemba kufanya fildi, wengi huomba wakae ofisini kwenye kompyuta. Mimi kazi yangu ni mitambo ya mvuke, na kila anayeniuliza humwambia aombe kiwanda cha kukeneka mafuta ya mimea, yaani kuyatoa kwa mvuke wa maji kisha kuupooza, kama kile cha Wawi, Chake Chake. Mashine zake ni chache na zote zinaonekana, na hesabu unazosomeshwa chuoni zimo humo karibu zote.

Makonyo hayana haja ya kuelezwa kwa Mpemba: ni vile vijiti vinavyobaki tukichambua karafuu. Yakikauka vizuri hutoa mafuta kiasi cha asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 hivi, joto ambalo ndani ya tangi la makonyo halifikiwi wala halihitajiki. Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hivyo kila kimoja hutoa mvuke wake kama kwamba mwenziwe hayupo. Mashinikizo ya mivuke hiyo miwili yakijumlishwa yakafikia shinikizo la hewa, vyote huchemka pamoja, chini kidogo ya nyuzi 100. Ukilielewa hili, umeshaelewa nusu ya kiwanda.

Nusu ya pili ni kuupooza mvuke urudi kuwa maji na mafuta, na hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi akae siku nyingi. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji huachia kilojuli 2,257. Ukitaka maji hayo yapoe hadi nyuzi 40, ongeza kilojuli 250 hivi. Maji ya kupoozea yakiingia na nyuzi 28 yakatoka na 48, kila kilo huondoa kilojuli 84 tu. Gawanya: mvuke wa kilo moja unataka maji kilo 30. Basi kisima kikipungua, uzalishaji nao hupungua, hata kuni zikiwa zimejaa ua mzima.

Kisha nenda kwenye chombo cha kutenganishia. Mafuta mengi huelea, lakini haya ya karafuu huzama, kwa sababu ni mazito kuliko maji kwa asilimia 5 hivi. Tofauti ni ndogo, matone hushuka polepole, na maji yakipita kwa kasi huyabeba. Ukiona maji yanayotoka juu yana weupe kama tui jepesi, hayo ni mafuta yanayokwenda zake. Yafaa yarudishwe tangini yachemshwe tena.

Kwa ripoti, usinakili historia ya kampuni. Omba ruhusa upime mafuta kila nusu saa, uchore mstari wake. Mstari huo utapanda haraka mwanzoni, halafu utalala. Swali la kihandisi ni hili: tuzime saa ngapi, mafuta yanayobaki yakiwa hayalipi tena kuni? Kabla hujajibu, kaa na fundi wa boila, maana yeye anajua kuni mbichi zinavyoharibu hesabu. Msimamizi akikubali kuzima kwa saa uliyopendekeza, andika kwenye logibuku uzito wa makonyo yaliyoingia, kuni zilizotumika na mafuta yaliyopatikana, kisha rudia kwa mpiko unaofuata.