Kinga ya Malaria kwa Watoto Wadogo na Usugu wa Dawa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika maeneo yenye malaria nyingi, dawa haitolewi kwa mtoto mgonjwa peke yake. Zipo pia dozi kamili ambazo mtoto asiye na homa hupewa kwa vipindi maalumu, ili vimelea alivyo navyo viuawe na vipya vishindwe kukua kwa wiki kadhaa zinazofuata. Mahali ambapo malaria haina msimu, dozi hizo huambatanishwa na ratiba ya chanjo. Katika nchi za Sahel, yaani ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, ambako wagonjwa wengi hupatikana wakati wa mvua, watoto wa miezi 3 hadi 59 hupewa kila mwezi katika msimu huo, na tangu mwaka 2021 utaratibu kama huo umetumika Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Mwaka 2023 kinga hii ya msimu iliwafikia watoto wapatao milioni 53 katika kila mzunguko wa ugawaji. Wazazi wengi huiogopa kwa sababu ya usugu wa dawa. Hofu hiyo ina msingi, lakini imezungukwa na maelezo yasiyo sahihi ambayo humfanya mzazi akatae dawa inayomfaa mwanawe au ampe isiyomfaa.

Dhana: "Mwili wa mtoto utaizoea dawa, na siku akiugua haitamsaidia."

Kinachokuwa sugu ni kimelea, si mtoto. Miongoni mwa vimelea vingi mno vinavyozaliana ndani ya damu, vichache hutokea na mabadiliko ya vinasaba yanayoviwezesha kustahimili dawa fulani. Dawa hiyo ikiviua vingine, hivyo hubaki, huongezeka, na mbu huvichukua na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Ndiyo maana mtoto ambaye hajawahi kumeza dawa yoyote anaweza kupata malaria sugu katika homa yake ya kwanza kabisa, na mtoto aliyepewa kinga mara kadhaa anaweza kuambukizwa vimelea ambavyo dawa ileile bado inaviua.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Malawi. Nchi hiyo iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993 kwa sababu ilikuwa imeshindwa, ikaingia kwenye SP, yaani sulfadoksini-pirimethamini. Zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti waliijaribu tena klorokwini kwa watoto wagonjwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba ilitibu asilimia 99 ya watoto hao, ilhali SP ilitibu asilimia 21 tu. Miili ya watoto wa Malawi haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni aina ya vimelea vilivyokuwa vikisambaa nchini.

Dhana: "SP ilishashindwa kutibu malaria, kwa hiyo haiwezi kumkinga mtu."

Hii ndiyo dhana inayohitaji kujibiwa kwa uangalifu kuliko zote, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Tanzania Bara ilianza kutumia SP kama tiba ya kwanza mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ilikuwa imeamua kuiacha na kuchukua dawa mseto ya ALu, yaani artemetha na lumefantrini. Mzazi anayekumbuka historia hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini dawa ileile iliyoondolewa kwa wagonjwa anapewa mjamzito kliniki, na kwa nini ipendekezwe kwa mtoto mchanga.

Jibu liko katika tofauti ya kazi yenyewe. Mtoto mgonjwa ana vimelea vingi sana, naye anahitaji dawa itakayovimaliza vyote upesi. Mtoto mzima ama hana vimelea, ama ana vichache vilivyotoka muda si mrefu kwenye ini, ambako hukua kwanza kabla ya kuingia katika damu, na SP hudumu katika damu kwa wiki kadhaa ikivizuia visiongezeke. Dawa iliyodhoofika inaweza kushindwa kazi ya kwanza na bado ikaiweza ya pili, ingawa muda wa kinga hupungua kadiri usugu unavyozidi.

Hata hivyo, haifai kulichukulia jibu hilo kana kwamba ni kweli kila mahali, na hapa Tanzania yenyewe imetoa ushahidi wa pande zote mbili. Utafiti uliofanyika Ifakara, mkoani Morogoro, na kuchapishwa mwaka 2001, uliwahusisha watoto 701 waliopewa SP au kidonge kisicho na dawa walipoletwa kwenye chanjo wakiwa na umri wa miezi 2, 3 na 9. Kwa waliopata SP, malaria ilipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza wa maisha, na upungufu mkubwa wa damu ulipungua kwa nusu. Mwaka 2009 yakachapishwa matokeo ya utafiti mwingine kutoka Korogwe, mkoani Tanga, na Same, mkoani Kilimanjaro, ambako vimelea vilikuwa vimekusanya mabadiliko mengi ya vinasaba, na huko SP haikuonyesha kinga yoyote kwa watoto wachanga. Meflokwini, dawa nyingine ya malaria iliyojaribiwa katika utafiti huohuo, ilipunguza malaria kwa asilimia 38, lakini iliwatapisha watoto zaidi.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kinga hii kwa watoto wachanga mwaka 2010, liliweka mpaka: isitumike mahali ambapo badiliko moja la vinasaba linaloashiria usugu limepatikana katika zaidi ya nusu ya vimelea. Mwaka 2022 mpaka huo uliondolewa, umri wa walengwa ukapanuliwa, na nchi zikaachiwa kupanga idadi ya dozi na aina ya dawa kwa kufuata hali zao. Mimi naona mabadiliko hayo ni ya busara, ila yanaziongezea wizara za afya wajibu wa kupima vimelea vya kila eneo mara kwa mara, kwa maana takwimu za Morogoro haziwezi kumlinda mtoto wa Tanga.

Dhana: "Kumpa dawa mtoto mzima ndiko kunakoleta usugu."

Kila matumizi ya dawa huvipa nafasi vimelea vinavyoistahimili, na kinga nayo haiepuki sheria hiyo. Ndiyo sababu kanuni ni kwamba dawa ya kinga isiwe ile inayotegemewa kutibu wagonjwa katika eneo lilelile, na katika Sahel SP haitolewi peke yake, bali pamoja na amodiakwini, dawa nyingine ya malaria. Lakini dozi kamili, iliyopimwa kwa umri na kutolewa kwa utaratibu, hailingani na mazoea yetu ya kila siku: kununua dawa mseto dukani bila kipimo, kumgawia mtoto wa pili vidonge vilivyobaki, kukatisha dozi homa ikishuka, au kuwapa watoto ALu "ya kinga" kabla ya safari ya kijijini. Zoea hilo la mwisho lina hasara mbili, kwa sababu ALu haidumu katika damu kwa muda wa kutosha kukinga kwa wiki kadhaa, na ndiyo dawa tunayoihitaji mtoto akiugua kweli.

Dhana: "Ukimkinga sasa, atakosa kinga yake ya asili na kuugua zaidi baadaye."

Hofu hii haikutoka hewani. Utafiti wa awali wa Ifakara, uliochapishwa mwaka 1997, uliwapa watoto dawa kila wiki tangu miezi miwili hadi mwaka mmoja. Malaria yao ilipungua sana wakati huo, kisha dawa ilipokoma wakaugua zaidi kuliko wenzao. Dozi za vipindi zilibuniwa kwa kuzingatia funzo hilo, kwa kuwa hazifungi mlango wote, na watoto wa utafiti wa 2001 walipofuatiliwa hadi miaka miwili hawakuonekana kuugua zaidi. Bado walikuwa na malaria pungufu katika mwaka wa pili. Dozi hizo hazikuonekana pia kudhoofisha chanjo walizopewa.

Mtoto anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapaswi kupewa SP, kwani zote zina dawa za kundi la salfa. Aliyekingwa akipata homa lazima apimwe kama mtoto mwingine yeyote.

Dhana: "Hata dawa mseto imeshakuwa sugu, bora mitishamba."

Usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa ambamo imo artemetha ya ALu, umethibitishwa Rwanda, Uganda na Eritrea, na utafiti wa mwaka 2022 uliuonyesha Karagwe, mkoani Kagera. Maana yake ni kwamba vimelea hutoweka polepole kuliko zamani, kiasi kwamba baadhi ya watoto bado huwa navyo siku ya tatu. Lumefantrini, dawa ya pili ndani ya ALu, ndiyo inayomaliza vilivyobaki, na huko Karagwe wagonjwa walio wengi sana bado walipona. Mtoto aliyeruka dozi za mwisho ananyimwa sehemu hiyo hasa ya tiba. Amalize dozi zote sita katika siku tatu, kila moja pamoja na chakula au maziwa yenye mafuta, na homa ikiendelea baada ya hapo arudishwe kituo cha afya akapimwe upya badala ya kuongezewa vidonge nyumbani.