Kuchunguza Sifa za Fasihi ya Kisasa Pamoja na Wanafunzi

Mwanafunzi akiulizwa fasihi ya kisasa ni ipi, mara nyingi hujibu kwa orodha: masimulizi yasiyofuata mfuatano wa wakati, msimulizi asiyeaminika, mwingilianomatini (kazi moja kurejelea au kuazima kutoka kazi nyingine), mwisho usiofungwa. Orodha hiyo si ya uongo, lakini ikitangulia usomaji wa kazi yenyewe humfanya mwanafunzi awinde sifa badala ya kusoma. Sisi tunaoandaa walimu wa fasihi tunashikilia kwamba sifa ianzie kwenye matini, na kila inapotajwa iambatane na swali: mbinu hii inafanya kazi gani hapa, na kwa nini mwandishi hakuridhika na njia iliyo nyepesi zaidi?

Tarehe nazo hazitoshi. Wapo wahakiki wanaoanza kuhesabu usasa tangu 1945, na wapo wanaousogeza hadi miaka ya 1980. Mipaka hiyo humsaidia mwalimu kupanga kozi, basi. Riwaya ya Tristram Shandy ya Laurence Sterne, iliyoanza kuchapishwa 1759, ina ukurasa mzima mweusi na msimulizi anayeahirisha mara kwa mara habari ya kuzaliwa kwake mwenyewe, na mtambaji wa hadithi simulizi amekuwa akisemezana na hadhira yake tangu zamani. Kwa hiyo kinachopaswa kutafutwa ni shaka inayoibeba mbinu. Kwa maoni yangu, fasihi ya kisasa imejengwa juu ya kutoamini kwamba sauti moja inaweza kuusema ukweli wote, na shaka hiyo ina historia: vita viwili vya dunia, mauaji ya halaiki, utumwa na ukoloni, ambavyo kumbukumbu rasmi zilivieleza kwa kinywa cha wenye nguvu.

Mahali pazuri pa kuanzia ni msimulizi. Katika The Remains of the Day (1989) ya Kazuo Ishiguro, Stevens, mtumishi mkuu katika jumba la lodi wa Kiingereza, anasimulia kwa fahari uaminifu wake kwa bwana aliyejikaribisha kwa Ujerumani ya Wanazi. Stevens hajifichi nyuma ya uongo wa wazi. Anajificha nyuma ya heshima ya kazi. Waombe wanafunzi waweke alama kila mahali anapojitetea bila kushtakiwa na kila anapobadili mazungumzo huzuni inapokaribia, kisha waandike upya aya moja kwa kutumia msimulizi maizi, yule ajuaye yote. Aya mpya huenda ikaeleweka kwa haraka zaidi, lakini majuto yatakuwa yametajwa tu, ilhali katika riwaya msomaji huyagundua mwenyewe. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwamba fasihi hii humkabidhi msomaji sehemu ya kazi iliyokuwa ya msimulizi.

Kuhusu wakati, Beloved (1987) ya Toni Morrison inafundisha mengi. Riwaya hiyo ilichochewa na kisa cha Margaret Garner, mwanamke aliyetoroka utumwa mwaka 1856 na kumuua bintiye ili asirudishwe utumwani. Tukio kama hilo halisimuliwi moja kwa moja. Hurejewa vipande vipande kwa sababu Sethe, mhusika mkuu, hawezi kulikabili kwa mara moja. Wanafunzi wakipanga matukio kwa mfuatano ubaoni wataona kuwa ploti imebaki na maumivu yamepungua, na hakuna fasili ya kukariri itakayowaonyesha hilo kwa uwazi kama huo.

Katika Kiswahili tunao ushahidi ulio karibu zaidi. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, vina na mizani vilishikiliwa kuwa uti wa ushairi; Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, aliandika mashairi yasiyofungwa na kanuni hizo, na mabishano kati ya wanamapokeo, waliotetea kanuni hizo, na wanamabadiliko, waliozikataa, yakawa makali. Ni kosa kuwaambia wanafunzi kwamba shairi huru halina umbo. Wasomewe kwa sauti, wasikie mkato wa mishororo, urudiaji na kimya vinavyobeba mdundo. Kezilahabi huyohuyo aliandika Rosa Mistika (1971) kwa mkabala wa uhalisia, kisha Nagona (1990), ambamo ploti ya kawaida inavunjika na falsafa inachukua nafasi yake. Kulinganisha kurasa chache za riwaya hizo mbili huonyesha kwamba usasa ni uamuzi wa kisanaa, unaoweza kubadilika ndani ya maisha ya mwandishi mmoja.

Mipaka ya tanzu nayo imelegea: Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilikwenda mwaka 2015 kwa Svetlana Alexievich, anayesuka vitabu kutokana na ushuhuda wa watu halisi, na mwaka 2016 kwa Bob Dylan, mtunzi wa nyimbo. Mjadala wa iwapo kazi hizo ni fasihi uachwe kwa wanafunzi wenyewe, mradi watoe vigezo.

Linabaki suala la upimaji, ambalo huharibu mengi. Swali la "Taja sifa tano za fasihi ya kisasa" humtuza aliyekariri hata kama hajafungua kitabu. Afadhali mwanafunzi apewe dondoo la ukurasa mmoja asilowahi kuliona, aeleze ni nani anayesema, anaficha nini, na umbo la dondoo lingebadilika vipi endapo msimulizi angeaminika.