Tiara ya Kwanza ya Kujifunzia Nchi Kavu: Tazama Kwanza Inavyozimika

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nkuhungu alinitumia picha kwa WhatsApp. Tiara ya baharini, ile kubwa inayomvuta mtu aliyesimama kwenye ubao, mita 9 za mraba, imetumika, muuzaji yuko pwani, bei ya kuvutia. Aliniuliza kama inafaa kujifunzia kwenye uwanda wa wazi huku Dodoma. Nilimpigia palepale: mdogo wangu, usitume hela.

Tiara ile ina mirija inayojazwa hewa ili isizame ikianguka majini. Huku kwetu mwiba mmoja wa mgunga unatosha kuutoboa mrija wa mbele. Lakini tatizo kubwa ni ukubwa wake. Mita 9 zimepimwa kwa mtu anayeteleza na ubao juu ya maji. Mtu aliyesimama wima kwenye udongo wa kokoto hatelezi, anaburutwa au ananyanyuliwa.

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Umeanza kurusha upepo ukiwa kilomita 12 kwa saa, mikono imezoea. Dakika moja baadaye likaja pigo la kilomita 24. Mikono inapokea uzito wa tiara nne badala ya moja, na hakuna aliyekupa taarifa.

Mapigo hayo ndiyo tabia ya upepo wetu. Paje, pwani ya Unguja nilikojifunzia, upepo unatoka baharini ukiwa umenyooka. Unaweza kurusha saa nzima bila kushtuliwa. Dodoma upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki na umepita juu ya vilima na mashamba yaliyovunwa. Kuanzia kama saa nne asubuhi ardhi inapata moto, hewa inapanda kwa mafungu, upepo unanyamaza kisha unapiga. Chamchela huzaliwa hapo. Ukiona vumbi linapanda likizunguka, hata likiwa mbali, angusha tiara, ikunje, uikalie. Mimi nafundisha kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi jua linapokaribia kuzama, jua likiwa limepoa na upepo umetulia.

Waliowahi kurusha pwani huniambia kitu kingine: hapa tiara ileile inavuta kidogo zaidi. Ni kweli. Tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10. Wengine hulichukua hilo kama sababu ya kununua kubwa zaidi. Siwaungi mkono hata kidogo, maana pigo moja la upepo linaimeza ile asilimia 10 na kuipita mbali.

Basi mtu mzima wa kilo 65 hadi 80 namshauri achukue tiara ya kitambaa yenye vyumba vya hewa, isiyo na mirija, ya mita 3 za mraba, umbo fupi na pana, kamba nne na vishikio viwili. Kijana mwepesi, chini ya kilo 50, mita 2 zinamtosha. Upepo ukizidi kilomita 25 kwa saa, mwanafunzi akae chini atazame wenzake. Na asijifunge tiara kiunoni. Miezi ya mwanzo ni mikono tu.

Nasisitiza kamba nne kwa sababu ya breki. Kila kishikio kina kamba mbili: ya juu inabeba mvuto, ya chini imefungwa kwenye ukingo wa nyuma wa tiara. Kuna mkanda wa kifundo cha mkono ulioungwa kwenye ile kamba ya chini. Ukiachia vishikio, kamba za juu zinalegea, za chini zinabaki zimevuta. Ukingo wa nyuma unakunjika, tiara inapoteza umbo na kurudi chini kinyumenyume, imezimika. Tiara nyingine zina kamba tatu na fimbo ya kushikia, na ile ya tatu hufanya kazi hiyohiyo. Hizo nazo ni nzuri kwa anayewaza kwenda baharini baadaye. Za kamba mbili zisizo na namna ya kuzimika, ziwe ndogo sana au uziache.

Siku ya kwanza nawaachisha wanafunzi vishikio makusudi, mara kumi, kabla sijawafundisha kukata kona. Mkono wa mtu aliyeshtuka haufunguki wenyewe, unabana. Nimeona mtu mzima akiburutwa hatua ishirini huku amekamata kwa nguvu kitu ambacho alitakiwa kukiachia tu.

Kuwa macho na namba iliyoandikwa kwenye mfuko. Tiara nyingi ndogo huuzwa kwa urefu wa bawa hadi bawa, si kwa eneo. "2.5" inaweza kuwa mita 2.5 kutoka bawa hadi bawa, na eneo lake likawa nusu tu ya ulichotarajia. Muulize muuzaji kwa maandishi: ni mita, au ni mita za mraba?

Kuhusu eneo la kurushia, mbali na nyaya za umeme, barabara na uwanja wa ndege, hilo halina mjadala. Shamba lililovunwa linaonekana zuri kwa macho, ila mabua ya uwele na mtama hunasa hatamu, zile kamba nyembamba zilizo chini ya kitambaa, na ukivuta kwa hasira unachana mshono. Mashamba ya zabibu yana nguzo na nyaya, usiyakaribie. Tafuta malisho yaliyoliwa yakaisha, omba ruhusa kwa wenye mifugo, kisha tembea eneo lote kwa miguu ukiangalia mbigili.

Yule kijana alipata ya mita 3, kamba nne, imetumika. Jumamosi alikuja nayo tuikague. Tuliinua kitambaa dhidi ya jua: matundu mawili madogo, yanazibika kwa utepe wa nailoni. Kisha tukapigilia msumari kwenye gogo, tukaingiza vitanzi vya kamba zote nne, tukarudi nyuma hadi mwisho na kuvuta sawa. Kamba moja ya breki ya kushoto ilikuwa fupi kwa vidole vitatu. Tiara ingekuwa inapinda kushoto kila mara, naye angedhani ni mikono yake. Tulisogeza fundo, tukavuta tena, zikalingana. Jioni ile upepo haukuja, akarudi nyumbani na vishikio mkononi, akifanya zoezi la kuviachia njia nzima.