Shira si Kila Sukari Iliyopikwa

"Shira imegoma kukauka, mama mdogo."

Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa sauti alionitumia binti wa dada yangu Novemba iliyopita, saa nne usiku, kutoka kwake Shangani, hapa Mtwara. Kesho yake mwanawe alikuwa na mahafali ya chekechea, naye alikuwa ameahidi kupeleka matufaa 20 ya kuchovya kwenye sukari, yale mekundu yanayong'aa, yenye kijiti. Alikuwa ameangalia video na kuifuata neno kwa neno. Video ilisema: pika shira, tia rangi, chovya, acha yakauke. Akapika, akatia, akachovya, akaacha. Baada ya saa mbili matufaa yalikuwa yamekaa katikati ya kidimbwi chekundu kwenye sinia, na sisimizi walishapashana habari.

Yeye hakukosea kitu. Aliambiwa apike shira, akapika shira, tena nzuri, ya kunywesha kaimati za mtaa mzima. Aliyekosea ni yule wa kwenye video, na hakukosea mapishi bali neno.

Neno hili linanikera siku hizi kwa jinsi linavyotupwatupwa. Kuna mpishi wa mtandaoni anayeiita sukari ya kashata "shira ngumu". Kuna anayeita kila sukari iliyoona moto shira, hata ile iliyoungua chini ya sufuria. Na kuna mwenzangu kazini aliyenieleza, kwa uhakika wa mtu asiyetaka kuulizwa swali, kwamba shira ni "sirapu" ya Kizungu iliyopindwa na ndimi za bibi zetu. Hilo la bibi zetu ndilo lililonikalisha niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Shira ni sukari iliyochemshwa na maji mpaka ikawa nzito, lakini bado inamiminika. Ukiichota inachuruzika, ukiigusa inanata. Basi.

Sasa tuje kwa bibi zetu. Hawakupinda sirapu ya mtu. Neno shira lina asili ya Kiajemi. Huko Uajemi, *shire* ni maji ya tunda, utomvu, na vilevile maji ya zabibu yaliyopikwa mpaka yakawa mazito. Mpaka leo Wairani wanayala kwa jina hilohilo. Katika lugha hiyohiyo maziwa huitwa *shir* na kitu kitamu huitwa *shirin*, kwa hiyo neno letu linatoka kwenye nyumba iliyojaa vitu vya kunyweka na vitamu. Ukivuka kwenda India, wasemao Kiurdu nao wana *shira* yao, maji ya sukari ya kuloweshea vitamutamu. Kwenye Ghuba na Hijazi waandazi wa Kiarabu wanaijua kwa jina hilo pia. Yaani ukitandaza ramani ya Bahari ya Hindi na kufuata njia za majahazi ya pepo za kaskazi na kusi, unakuta sufuria moja ikichemka pwani baada ya pwani, na jina lake halibadiliki. Mikindani na Kilwa ziko kwenye njia hiyo. Hatukuhitaji Mwingereza aje atufundishe jina la kitu tulichokuwa tukikilamba vidoleni.

Tena kinyume chake ndicho kinachochekesha. Hiyo sirapu yenyewe si ya Kizungu kwa asili. Imetoka kwenye Kiarabu *sharab*, kinywaji, kutokana na mzizi wa kunywa. Mzizi huohuo umetupa sisi sharubati. Kwa hiyo ndugu wa sirapu katika Kiswahili ni sharubati, si shira. Anayesema shira ni sirapu amewaona watu wawili wanaofanana na kuwaita mapacha, kumbe mmoja kazaliwa Uajemi na mwingine Uarabuni, wamekutana tu jikoni kwetu.

Na kwa kuwa nimeshaanza: sukari yenyewe, kabla ya kupita kwa Waarabu na Waajemi, ilikuwa neno la Kisanskriti, *sharkara*, lenye maana ya changarawe. Nalipenda jambo hili. Unamimina changarawe kwenye sufuria, unatia maji, unapata utomvu. Majina yalishaeleza mapishi kabla mpishi hajawasha jiko.

Angalia basi hizo asili zinasema nini kwa pamoja. Shire ya Waajemi ni maji, sharabu ya Waarabu ni maji. Kila alipopita mtu na neno hilo, alikuwa anazungumzia kitu kinachomiminika. Kwa hiyo ukisema "shira ngumu" ni kama kusema "uji mkavu". Uji ukikauka tunauita ugali, na hatuoni haya kuubadilishia jina. Kwa nini tunaona haya kwa sukari?

Nitaeleza kinachotokea sufuriani, maana hapo ndipo matufaa ya binti yetu yalipoharibikia. Sukari na maji vikichemka pamoja, maji yanatoka kwa mvuke na sukari inabaki. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo moto wa kile kilichobaki unavyopanda juu ya nyuzijoto 100 za maji ya kawaida. Mwenye kipimajoto anadhani anapima moto. Kwa kweli anapima maji yamebaki kiasi gani. Ikifika kama nyuzijoto 110, ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada inavuta uzi. Hapo katika kila gramu 100 kuna takriban gramu 80 za sukari na 20 za maji. Hiyo ndiyo shira, na bibi yangu hapo alikuwa anaepua. Ukiiacha ikapanda hadi kama 115, tone lake kwenye bakuli la maji baridi linakuwa donge laini la kufinyangika. Ikipita 120 donge linakazana. Kwenye 140 hivi, tone linapinda kabla ya kukatika, na ukilitafuna linang'ang'ania magego. Ni mpaka ifike karibu 150 ndipo tone linapogusa maji likalia, na ukilivunja linakatika ta, kama kijiti kikavu. Wakati huo maji yaliyobaki ni kama gramu moja tu katika 100.

Tufaa linataka hiyo ya mwisho. Kati ya gramu 20 za maji na gramu moja kuna safari ndefu, na video ya binti yetu iliikata safari nzima kwa neno moja: shira.

Lakini najua mtu wa Mikindani atanyanyua mkono. Visheti je? Visheti si tunavitia shira, na shira ile si inakauka? Swali zuri, na limewapoteza wengi wenye akili zao. Shira ya visheti inakauka, ila haikaukii kuwa kioo. Inarudi kuwa sukari. Unaipika mpaka ivute uzi mnene, unamimina visheti, halafu unageuza na kugeuza na mwiko bila huruma mpaka unaona weupe unaingia. Ule weupe ni chembe za sukari zinazozaliwa upya kwa kusukwasukwa. Changarawe imerudi kwenye uchangarawe wake. Ndiyo maana kisheti ukikigusa kina vumbi tamu, hakina mng'ao. Kwenye tufaa tunataka kinyume chake kabisa: chembe zisizaliwe, sukari ipoe ghafla kabla haijapata nafasi ya kujipanga, ibaki wazi kama kioo cha dirisha. Kwa hiyo mwiko ukiisha kuyeyusha sukari unautoa, huurudishi tena. Pembeni mwa sufuria unafuta kwa brashi yenye maji, chembe moja iliyoganda pale isije ikaangukia ndani ikaharibu sufuria zima. Na unakamua ndimu. Wengi wanadhani ndimu ni ya kupunguza utamu, kumbe asidi yake inaivunja sukari kuwa aina mbili ndogo, glukosi na fruktosi, na hizo zinawaingilia wenzao katikati wasishikane mikono. Bibi hakuwahi kusema fruktosi. Alisema, "Tia ndimu, isirudi." Nakwambia, ni maelezo kamili.

Kipimo, kwa anayetaka: vikombe viwili vya sukari, maji theluthi mbili ya kikombe, kijiko cha chai kimoja cha maji ya ndimu, na rangi nyekundu ya chakula, ileile ya ubuyu. Inatosha matufaa manane madogo. Sinia lipake mafuta. Watoto wakae mbali, maana sukari ya nyuzijoto 150 ikikudondokea haitiririki kama maji ya moto, inakaa hapohapo na kuendelea kuunguza.

Karameli nayo nisiipite kimya, kwa kuwa ndilo jina la pili yanalobandikwa matufaa haya. Karameli ni sukari iliyovuka 160 ikaanza kugeuka rangi ya kahawia na kupata uchungu kidogo. Ile laini ya kutafuna inatiwa pia maziwa au malai na siagi. Marekani wana vitu viwili tofauti na majina mawili: tufaa jekundu la pipi, ambalo huko husimuliwa kuwa lilianza mwaka 1908 kwa mtengeneza pipi wa Newark aitwaye William Kolb, aliyekuwa akijaribu pipi nyekundu za mdalasini kwa ajili ya Krismasi, na tufaa la karameli lililokuja miongo kadhaa baadaye. Uingereza wanalo lao, wanalila hasa tarehe 5 Novemba usiku wa mioto. Wachina wana matunda madogo yaliyotungwa kwenye kijiti na kuvishwa sukari ya kioo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekivika kitu hicho shira.

Upande wetu kuna adui mwingine ambaye video za ng'ambo hazimjui, nao ni unyevu wa bahari. Sukari ya kioo inavuta maji kutoka hewani. Shangani, upepo wa bahari unaingia hata kwenye kabati. Chumvi yenyewe inalowa kwenye kikopo. Tufaa lililopikwa sawasawa asubuhi, jioni limeanza kutoa jasho. Usiliweke kwenye friji ukidhani unalisaidia, likitoka linalowa zaidi. Lipike siku ya kulila, lifunge kwenye nailoni likishapoa kabisa. Na tufaa lenyewe lisuguliwe kwa maji ya moto kwanza, kwa sababu yale yanayong'aa yanayoletwa kutoka nje mengi yamepakwa nta, na sukari haishiki kwenye nta. Ya Njombe na Makete, yanayoshuka kwa barabara ya Songea, Tunduru na Masasi, hayana mng'ao huo, lakini bado yafute yakauke.

(Sokoni ukitaka kuhudumiwa haraka sema "epo". Ukisema tufaa, mzee wa pwani anaweza kukufikiria lile letu jekundu lenye umbo la pea na nyama nyeupe kama pamba, ambalo ni tunda jingine kabisa. Tumelipa jina la Kiarabu la epo kabla epo halijafika. Hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Na kabla hujaniuliza, kwa kuwa ni msimu na yamejaa chini ya mikorosho bure: ndiyo, nimejaribu bibo. Lina rangi, lina umbo, lina hata kikonyo. Nilifuata kila kitu, tone likakatika ta, nikachovya bibo zuri la kutoka Nanyamba. Ngozi yake ni nyembamba kama karatasi na ndani ni maji matupu. Moto ulilipasua, maji yakatoka, kioo kikayeyuka mbele ya macho yangu kikawa, kwa mara ya kwanza jioni ile, shira halali. Bibo liachiwe waliokwisha kulijulia matumizi yake.

Turudi saa nne usiku. Nilimwambia binti yetu asitupe kilichobaki sufuriani. Shira haijaharibika, haijafika tu. Ayaoshe matufaa, ayafute mpaka yakauke kabisa, arudishe sufuria motoni, akamue ndimu kidogo, mwiko auweke mbali, na aweke bakuli la maji baridi karibu. Asiangalie saa, aangalie tone. Nikalala.

Alfajiri kulikuwa na picha: matufaa 19, mekundu, kila moja na taa ya jiko ikionekana ndani yake (la 20 aliliangusha). Chini yake ujumbe: "Mama mdogo asante! Shira imekuwa ngumu hiyo, nimejaribu kung'ata nusura nitoke jino."

Nikamjibu: hongera mwanangu, yamependeza. Ila hapo ulipofika si shira tena. Iite pipi.